Kuzunguka Ulaya kwa kempa na watoto wadogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutufikia kila shule zinapokaribia kufungwa. Mengi hutoka kwa jamaa wanaoishi Ujerumani, Uholanzi na Skandinavia, na machache kwa wanaopanga kuja kutoka Nairobi au Dar es Salaam. Kempa hapa ni gari lenye vitanda, jiko na mara nyingi choo, liwe vani au lile kubwa lenye mwili mweupe kama sanduku. Watoto tunaowasemea ni tangu wachanga hadi miaka saba hivi.

Tuna wiki tatu. Tutaweza kuona nchi ngapi?

Mbili. Tatu, kama mojawapo ni ya kupita tu.

Najua jibu hili linaudhi. Ukitazama ramani, Paris, Zurich, Milano na Ljubljana zinaonekana kama vituo vya daladala. Lakini mtoto wa miaka mitatu hajui kwamba amevuka mpaka. Anachojua ni kwamba amefungwa kwenye kiti tangu asubuhi, na kwamba bembea aliyoipenda jana imeachwa nyuma. Kipimo kinachofaa ni kilomita 200 hadi 250 kwa siku ya safari, kisha usiku mbili au tatu mahali pamoja. Ukipiga hesabu hiyo kwa wiki tatu, usiku mbili kila kituo, kutoka Hamburg utafika Ziwa Garda na kurudi ukiwa bado unasema na mumeo.

Endesha wakati wa usingizi wa mchana. Wengine huondoka saa kumi alfajiri watoto wakiwa wamelala. Hilo linafaa kwa mzazi atakayepata kulala baadaye, si kwa yule atakayefika saa nne asubuhi na kukuta watoto wameamka na nguvu mpya.

Gari limeandikwa "watu sita". Sisi ni wawili na watoto wanne. Linatosha?

Huenda halitoshi. Namba inayotangazwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya vitanda. Namba unayoitaka ni ya viti vyenye mkanda wa safari, nayo imo kwenye kadi ya usajili wa gari. Kempa yenye vitanda sita na mikanda minne tu ni kitu cha kawaida kabisa.

Usiishie kwenye kuhesabu mikanda. Muulize mwenye gari mambo matatu kabla ya kulipa: mkanda unapita begani na kiunoni, au kiunoni tu? Kiti kinatazama mbele, nyuma au ubavu? Na je, kina ndoano za ISOFIX, yaani vyuma vya kushikizia kiti cha mtoto? Viti vinavyotazama ubavu havifai kwa kiti cha mtoto. Viti vinavyotazama nyuma mara nyingi vina mkanda wa kiunoni tu, na viti vingi vya watoto haviwezi kufungwa kwa mkanda huo. Nenda na kiti chako ukakijaribu ndani ya gari lenyewe, maana benchi la kempa huwa limesimama wima na meza mbele yake, na kiti kilichokaa vizuri kwenye gari la nyumbani kinaweza kukataa kabisa.

Sheria ya urefu hutofautiana. Ujerumani na Italia mtoto hutumia kiti maalumu hadi afike sentimita 150, na Ujerumani huongeza "au atimize miaka 12". Uhispania na Uingereza ni sentimita 135. Ukivuka mipaka, fuata ile kali na usahau nyingine. Viti vya kizazi kipya, vyenye alama ya R129, humweka mtoto akitazama nyuma hadi atimize miezi 15 angalau. Ukimweka hivyo kiti cha mbele, airbag ya upande huo lazima izimwe, na kuna kempa ambazo haizimiki.

Na hapana, hawezi kulala kitandani gari likiwa linatembea. Hata kidogo, hata barabara ikiwa tupu.

Uzito unahusu nini? Si gari limetengenezwa kubeba?

Hili ndilo swali ambalo watu hulipuuza hadi wasimamishwe. Leseni ya daraja B inaishia kwenye gari la kilo 3,500, na kempa nyingi za kukodi zimeandikishwa hapohapo, bila nafasi ya ziada. Tuchukue mfano. Karatasi inasema gari tupu, likiwa na dereva na dizeli, ni kilo 3,040. Umebakiwa na 460. Sasa pakia:

mwenzako 70, watoto wawili 35, viti vyao 20, baiskeli na chuma cha kuzibebea 60, hema la ubavuni 30, maji ya kujaza tenki 80, mtungi wa pili wa gesi 23, nguo na chakula na sufuria na midoli 150.

Jumla 468. Umeshapita kwa kilo nane, na bado hujaweka viti vya nje wala ule mfuko wa unga aliokupa shemeji. Watengenezaji wengi huhesabu maji lita 20 tu kwenye uzito wa karatasi, ndiyo maana hizo 80 zilizobaki zinakuangukia wewe.

Aliyewahi kuona foleni ya malori Mariakani au Kibaha anajua mizani ni kitu gani. Huku nayo ipo, na Austria na Uswisi hawana mzaha nayo. Dawa ni nyepesi: safiri na maji kidogo, ujaze ukifika. Lita 20 za njiani zinatosha kunawa mikono na kuvuta choo. Baiskeli za watoto wadogo ziache nyumbani, kambi nyingi hukodisha.

Bibi anakuja kutoka Tanga kututembelea. Tunaweza kumchukua?

Ikiwa mkanda upo na kilo zipo, mchukueni, mtapata mtu wa kuwasimulia watoto hadithi usiku. Lakini angalieni viza yake kwanza. Viza ya matembezi ya Schengen, kundi la nchi 29 za Ulaya zinazotumia viza moja, hutoa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, na siku hizo huhesabiwa kwa pamoja katika nchi zote 29. Kama ni ya kuingia mara moja, akitoka nje ya eneo hilo imekwisha.

Hapo ndipo pwani ya Kroatia ilipokuwa na mtego. Kroatia imo Schengen tangu Januari 2023, lakini barabara ya zamani kwenda Dubrovnik hukatiza kipande kifupi cha Bosnia pale Neum, na Bosnia haimo. Tangu Julai 2022 kuna daraja la Pelješac linalopita juu ya bahari na kukuacha ndani ya Kroatia mwanzo hadi mwisho. Programu ya ramani inaweza bado kukupitisha Neum kwa sababu za kilomita, kwa hiyo mwongoze dereva mwenyewe.

Uingereza na Ireland hazimo Schengen. Uswisi na Norway zimo, ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Ninyi wenye kibali cha kuishi Ujerumani au Uholanzi pia mna kikomo cha siku 90 katika nchi nyingine za Schengen, na kila mtoto, hata wa miezi miwili, anahitaji pasipoti yake na kibali chake.

Kwa wanaoomba viza: ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na chini ya miaka 6 hailipwi. Bima ya afya ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi.

Leseni yangu ya Kenya au Tanzania itakubalika?

Kwa mgeni wa muda mfupi, chukua na kibali cha kimataifa cha kuendesha kabla hujatoka nyumbani, kwa kuwa hakitolewi ukishafika huku. Ukishahamia Ujerumani, leseni ya nyumbani hutumika miezi sita tu tangu kuandikishwa makazi, kisha ni mitihani ya nadharia na vitendo. Kumbuka pia wakodishaji wengi huweka umri wa chini wa kati ya miaka 21 na 25, na hutaka leseni uwe umekuwa nayo kwa muda.

Tunalala wapi? Tunaweza kusimama popote penye mandhari?

Kwa mzazi mwenye watoto, jibu langu ni kambi, yaani uwanja wenye bafu, maji, umeme na bembea. Utalipa kati ya euro 30 na 60 kwa usiku wakati wa kiangazi, na mtarudishiwa kwa usingizi na nguo safi.

Katikati kuna maegesho maalumu ya kempa. Ujerumani huitwa Stellplatz, Ufaransa aire, Italia area sosta. Mara nyingi ni lami, nguzo ya umeme na mahali pa kumwaga maji machafu, kwa euro 10 hadi 20, wakati mwingine bure. Yanafaa kwa usiku mmoja wa njiani. Ufaransa kuna pia mpango wa France Passion, ambapo wakulima wa zabibu, jibini na asali hukukaribisha usiku mmoja bila malipo ukiwa na kitabu chao cha mwaka. Watoto huona mbuzi, na wewe hununua chochote kidogo kwa adabu, ingawa si sharti. Programu ya Park4Night itakuonyesha yote haya kwenye simu. Soma maoni ya karibuni, usitazame nyota peke yake.

Kulala ovyo ni jambo jingine. Kroatia imekatazwa na faini hutozwa kweli. Ujerumani unaruhusiwa kulala njiani usiku mmoja ili urudishe nguvu za kuendesha, lakini ukitoa viti na meza nje umeshageuza kuwa kambi. Ule uhuru wa watu wa Norway, Sweden na Scotland wa kulala porini ni wa mwenye hema anayetembea kwa miguu, si wa gari la tani tatu na nusu.

Sehemu za kupumzikia za barabara kuu, hasa kusini mwa Ufaransa na Uhispania, simama kula na kwenda chooni, usilale. Wezi wa magari wanazijua kuliko wewe.

Ushuru wa barabara unalipwaje?

Kila nchi na yake. Ujerumani barabara kuu ni bure kwa kempa. Uswisi hununua stika moja tu ya mwaka kwa faranga 40, hata ukipita siku moja. Austria, Slovenia, Czechia na Hungary huuza ruhusa za siku chache mtandaoni kwa namba ya gari. Nunua kwenye tovuti rasmi, maana kuna madalali wanaoongeza bei. Austria, ruhusa hiyo haigusi barabara ya Brenner wala handaki la Tauern, hizo hulipwa kando. Gari likizidi kilo 3,500, Austria na Uswisi zina utaratibu tofauti kabisa.

Ufaransa na Italia ni vibanda. Ufaransa hupima urefu wa kwenda juu: gari la mita 2 hadi 3 ni daraja la pili, zaidi ya mita 3 ni la tatu na bei hupanda. Kiyoyozi cha juu ya paa kinaweza kukuvusha mpaka huo. Andika urefu wa gari kwenye karatasi uibandike mbele ya dereva, kwa sababu ya madaraja ya kupita chini yake na kwa sababu ya vile vyuma vya mita mbili vinavyozuia magari marefu kwenye maegesho ya ufukweni.

Kwenye miji ya Italia, ukiona bango la ZTL, yaani eneo la magari yenye ruhusa tu, geuza. Kamera hupiga picha na barua hukufuata hadi nyumbani, au humfuata mkodishaji, naye atakata kwenye dhamana yako pamoja na ada yake. Miji mingi ya Ujerumani hutaka stika ya kijani ya hewa safi kioo cha mbele, hata kwa magari ya kigeni.

Maji, choo na umeme vinakwendaje na watoto?

Tenki la maji la lita 100 kwa familia ya watu wanne wanaonawa vizuri ni siku mbili. Choo cha kaseti, chenye tangi la kuchomoa, hubeba lita 17 hadi 20, nacho ni siku mbili vilevile, pungufu ikiwa mtoto ndiyo kwanza amejifunza na anafurahia kuvuta maji. Humwagwa mahali palipoandikwa pa kumwagia tu. Nepi na vitambaa vya kupangusia haviingii humo.

Umeme wa kambini huja kwa plagi ya buluu ya matundu matatu. Soma nguzo imeandikwa ampea ngapi. Kwenye ampea 6 una wati 1,380 tu, na birika la umeme peke yake linakula 2,000. Ukiliwasha, nguzo inakata, na ikiwa kisanduku kimefungwa kwa kufuli inabidi umtafute mlinzi. Chai ichemshwe kwenye gesi.

Gesi: mitungi haibadilishwi kati ya nchi na nchi. Mtungi wa kijivu wa Ujerumani hauna mwenyewe Ufaransa. Ondoka na miwili iliyojaa. Kama mnasafiri msimu wa baridi iwe propani, kwa kuwa butani karibu na nyuzi sifuri haitoki.

Na tafadhali, jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata likiwa limebaki makaa ya kufa. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu. King'ora chake ni kitu kidogo cha betri. Nunua, kibandike karibu na vitanda.

Watoto hawalali. Tufanyeje?

Mwezi wa Juni kaskazini jua huzama karibu saa nne usiku, na Norway ya juu halizami kabisa. Mapazia ya giza yafungwe kabla ya wimbo wa kulala, si baada. Kitanda cha juu ya dereva au vile vya ghorofa watengenezaji wengi hukikataza kwa walio chini ya miaka 6; mdogo alale chini, na wavu wa kuzuia kuanguka uwe umejaribiwa kwa kuvutwa.

Mpangilio wa kila jioni usibadilike: nguo za kulala, meno, kitabu, taa. Gari ni dogo, kwa hiyo watoto wakilala ninyi mko nje na taa ya betri. Ndiyo raha yenyewe.

Tutakula nini? Ugali je?

Ukiwa Veneto, kaskazini mashariki mwa Italia, umefika nyumbani. Wenyeji wa huko husonga mahindi meupe, polenta bianca, na unga wake upo kwenye maduka ya kawaida. Chukua ulioandikwa fioretto, ndio laini. Bramata ni wa chengachenga. Ulioandikwa kuwa wa dakika chache umeshapikwa na haushikani sawasawa. Sehemu nyingine za Italia na Romania utapata wa njano, unakula hivyohivyo.

Brussels kuna mtaa wa Matonge, Ixelles, wenye maduka ya Wakongo: unga, ndizi za kupika, sombe, samaki wakavu. Paris nenda Château Rouge. Kwa nyama ya halali, mabucha ya Waturuki yapo karibu kila mji wa Ujerumani. Lakini Ujerumani na Austria Jumapili maduka hufungwa, kwa hiyo maziwa na nepi ni Jumamosi.

Wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya, Uingereza ikiwemo, wasibebe nyama wala maziwa. Samli ya bibi itaishia kwenye pipa la forodhani. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yanaruhusiwa hadi kilo mbili.

Mtoto akiugua?

Namba ya dharura ni 112 Ulaya nzima. Msalaba wa kijani ni duka la dawa, na mfamasia wa huku hushauri vizuri kwa homa na tumbo. Wenye bima ya serikali ndani ya Umoja wa Ulaya wana kadi ya Ulaya nyuma ya kadi yao ya kawaida au wanaiomba bure. Haimrudishi mgonjwa nyumbani, hilo ni la bima ya safari.

Kitu ambacho watu wetu hawakijui ni kupe. Kusini mwa Ujerumani, Austria na nchi za Baltiki hueneza ugonjwa wa ubongo wenye chanjo, na popote penye nyasi ndefu wanaweza kueneza ugonjwa wa Lyme, usio na chanjo ya kutumiwa kwa sasa. Ongea na daktari wa watoto wiki kadhaa kabla. Kila jioni mpekue mtoto: nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti, kwenye mstari wa nywele zilizosukwa. Kupe akipatikana, mvute polepole kwa kibanio karibu na ngozi, bila mafuta wala moto.

Bahari ya Atlantiki ya Ufaransa si Diani. Hakuna mwamba wa kuzuia mawimbi, na mikondo huvuta mtu nje. Watoto waoge kati ya bendera za waokoaji tu, na maji ya magoti yanatosha.

Tutasimamishwa na polisi kwa sababu ya rangi yetu?

Inawezekana, na wengine wetu husimamishwa zaidi ya jirani aliye mbele kwenye foleni. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na si peke yake. Weka pasipoti, vibali, kadi ya gari na mkataba wa kukodi kwenye mfuko mmoja karibu na dereva, si chini ya benchi ya nyuma. Mzazi anayesafiri bila mwenzake awe na barua ya ridhaa yenye nakala ya pasipoti ya mwenzake. Majina yetu ya ukoo hutofautiana kati ya mama na mtoto, na askari huuliza. Nakala ya cheti cha kuzaliwa humaliza mjadala.

Tunaweza kuwatoa shule wiki moja kabla ya likizo?

Ujerumani, Uholanzi na Uingereza hutoza faini. Omba ruhusa kwa maandishi au subiri. Wenye watoto wasiofikia umri wa shule wana bahati: Mei, Juni na Septemba kambi zina nafasi, na kadi ya ACSI hupunguza bei nje ya msimu.

Mara ya kwanza twende wapi?

Denmark ya magharibi. Umbali mfupi, kambi safi, viwanja vya michezo kila kona, na Billund iko Legoland ya kwanza, iliyofunguliwa 1968. Kisiwani Rømø unaendesha gari hadi juu ya mchanga wa ufukwe, watoto hawaamini. Kulala hapo hairuhusiwi, na maji ya kujaa yaheshimiwe. Uholanzi inafuata, yenye Efteling pale Kaatsheuvel, bustani ya hadithi iliyopo tangu 1952 na inayowafaa hata wa miaka miwili. Italia ya Agosti iache. Joto ndani ya gari la plastiki ni adhabu, na Ziwa Garda kuelekea tarehe 15 ni foleni tupu.

Inagharimu kiasi gani?

Kukodi wakati wa kiangazi, mara nyingi euro 100 hadi 200 kwa siku. Dizeli, lita 10 hadi 12 kwa kilomita 100. Ongeza kambi, chakula na dhamana inayoshikiliwa. Kwa familia ya wanne si nafuu kuliko nyumba ya kupanga ufukweni. Anayekuambia ni nafuu ana gari lake mwenyewe.

Siku ya kuchukua na kurudisha gari tuangalie nini?

Piga video ya gari zima ukichukua, na paa pia, kwa ngazi kama ipo. Jaribu gesi, hita, pampu ya maji na kila mkanda mbele ya mwenye gari. Ukirudisha, choo kimemwagwa na kusuuzwa, maji machafu yametolewa, dizeli imejazwa, na vipande vya Lego vimetafutwa kwenye reli ya mlango wa pembeni. Kipande kimoja humo kinazuia mlango kufunga, na gharama ya ufundi wake hukatwa kwenye dhamana yako.